Nduku wa Saa Saba Mchana

Naitwa Nduku, yaani msichana aliyezaliwa usiku, nami nilizaliwa saa saba mchana. Ilikuwa Agosti ya 1957, upande wa Mulango, Kitui. Mama alikuwa shambani akivuna mbaazi uchungu ulipomshika, na wanawake waliokuwa naye wakamtandazia leso nne juu ya vijiti ili jua lisimchome. Leso moja ilitoboka kwa miiba. Mama aliitunza miaka mingi, na kila nilipoleta kiburi aliitoa kwenye sanduku akanionyesha tundu ambalo jua lilipitia likanikuta. Hata hivyo, siku ya kunipa jina hakuna aliyeona ajabu kwamba mtoto wa mchana anaitwa usiku. Usiku ule haukuwa wangu. Ulikuwa wa susu.

Susu kwa Kikamba ni nyanya. Huyu alikuwa mama mzazi wa baba yangu, na yeye ndiye aliyezaliwa usiku kwelikweli, katika njaa kubwa ya 1898 na 1899 ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, iliyoenea kila mahali. Mvua ilikuwa imekataa, sotoka ilikuwa imeua ng'ombe, nzige walikuwa wamepita, na ndui ikafuata nyuma. Watu wa Kitui walitawanyika kwenda kutafuta chakula kwa majirani. Mama yake susu alikuwa katika kundi lililoelekea Mto Tana, na walitembea usiku kwa sababu mchana kiu ingewamaliza. Akajifungulia njiani. Angeweza kumwita mtoto Wayua, kwa sababu yua ni njaa. Angeweza kumpa jina la njia. Akamwita Nduku. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza susu kwa nini usiku ndio uliopendelewa, akanijibu kwamba njaa ilikuwa ya watu wote na njia ilikuwa ya watu wote, bali usiku ule mama yake alikuwa nao peke yake.

Basi mtu akiniuliza maana ya jina langu, namweleza habari za mtu mwingine. Viko vijitabu vya majina wanavyonunua akina mama wajawazito, na ukikifungua chochote chenye majina ya Kikamba utakuta: Nduku, msichana aliyezaliwa usiku. Si uongo. Ni kweli kwa msichana mmoja, na wengine sote tuliofuata tumebeba usiku wake.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza. Mvulana wa kwanza ni babu mzaa baba, wa pili ni babu mzaa mama. Msichana wa kwanza ni nyanya mzaa baba, wa pili ni nyanya mzaa mama. Wanne hao hawana la kuchaguliwa, majina yao yaliwatangulia. Wakiisha kuzaliwa, zamu huweza kwenda kwa shangazi na wajomba, lakini hapo ndipo mlango unapofunguka na mambo ya ulimwengu kuanza kuingia: mvua, vita, safari, msiba, furaha, hata manung'uniko. Kitinda mimba wetu anaitwa Mwongeli, wa kuongeza. Mama alishikilia kwamba ni jina la shukrani. Mimi nilimfahamu baba, na naamini alikuwa analalamika.

Kwa hiyo aliyeandika historia ya nyumba ya Mkamba alikuwa mtoto wa tano na waliomfuata. Nitarudi kwake.

Zamani jina halikutolewa siku ya kuzaliwa. Mwanatheolojia John Mbiti, ambaye naye ni wa Mulango, alieleza katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba Wakamba humpa mtoto jina siku ya tatu. Mbuzi huchinjwa, wanawake hukusanyika, na siku ya nne baba humvisha mtoto mkufu unaoitwa ithaa. Kabla ya hapo mtoto bado ni wa aimu, mizimu, hajawa mtu kamili wa walio hai. Siku mbili za kwanza ni za kungoja: kama aimu wanamtaka, wamchukue kabla hajaitwa.

Na kuna nyumba ambazo aimu walikuwa wakiwachukua watoto mmoja baada ya mwingine. Hapo busara ilikuwa kumpa mtoto jina ambalo hakuna atakayelionea tamaa. Mbiti mwenyewe ni mfano. Alizaliwa mwaka 1931 baada ya watoto waliomtangulia kufa wakiwa wadogo, na jina lake maana yake ni fisi. Fisi huyo alikwenda kusoma Cambridge, akafundisha Makerere, akaishi hadi 2019. Kwa wasichana liko Kamene, anayechukiwa. Nimewafundisha akina Kamene wengi, na sijaona hata mmoja aliyechukiwa kwao. Kwa kawaida ndiye aliyekuja shuleni na viatu wakati wenzake wako pekupeku. Kinyume chake ni Mwende, anayependwa, na Mwende unaweza kumwita hivyo tu ukiwa na uhakika kwamba atabaki. Waswahili wa pwani wanayo akili hiyohiyo wanapomwita binti Sikitu. Wayoruba wa Nigeria wanalo Kosoko, yaani hakuna jembe, jembe la kuchimbia kaburi. Mtoto anaambiwa kwamba hata akitaka kufa hakuna wa kumzika. Nilipolisoma jina hilo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kisha nikaacha.

Nilifundisha shule za msingi kwa miaka thelathini na minane, na kazi ya kwanza ya kila asubuhi ilikuwa rejista. Ukiisoma rejista ya Ukambani kwa sauti unasoma hali ya hewa. Wambua, Mumbua, Syombua: mvua, mvua, mvua. Kioko ni asubuhi, Mutuku ni usiku wa kiume, Nthenya ni mchana. Makau na Syokau ni vita. Kyalo ni safari, na akina Kyalo walikuwa wengi sana kwa sababu baba zao walikuwa Mombasa wakitafuta riziki. Mwanzia ni wa njiani, Kitheka wa msituni. Mutua na Mutinda ni waliokawia, ama tumboni ama kuja kabisa. Mueni ni mgeni, Mutanu ni furaha, Muvea ni asante. Musyoka ni aliyerudi, jina la kumrudisha ndugu aliyefariki. Mwaka mmoja nilikuwa na akina Musyoka watano darasa moja, na wakati huo Musyoka wa Tseikuru, Kalonzo, alikuwa waziri. Watoto walibishana ni yupi kati ya watano atakuwa rais.

Mwaka 1991 niliwaambia watoto wa darasa la kwanza waende wakaulize nyumbani majina yao yalitoka wapi. Siku ya pili Mumbua akasimama, mikono nyuma, akasema, "Mwalimu, mvua ilinyesha kwa nyanya." Sijapata maelezo bora zaidi kutoka kwa msomi yeyote. Baadaye akasimama Wayua. Huyu alikuwa mtoto wa sita kwao, na njaa yake ilikuwa yake mwenyewe, ya 1984, ambayo Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete, nafa huku nimeshika. Kilichoshikwa ni pesa. Watu walikuwa na shilingi mkononi na madukani hakuna unga, mpaka yalipofika mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, ambayo wengi tuliyala huku tumekunja uso. Niliikumbuka njaa ile vizuri, nilikuwa mwalimu na mshahara wangu nikiushika vivyo hivyo. Hapa mbele yangu ilikuwa imesimama na sketi ya kijani, haina meno mawili ya mbele.

Si Wakamba peke yao wanaotaja saa. Nduku wa Kitui, Atieno wa Kisumu na Chausiku wa Tanga ni jina moja lililozaliwa mara tatu. Wakalenjin wana Chelagat kwa binti aliyezaliwa jua likishazama. Waakan wa Ghana hawatazami saa bali siku, kama Waswahili na Juma wao: Kofi ni wa Ijumaa, Kwame wa Jumamosi, na ulimwengu mzima umewajua Ijumaa mmoja aliyeongoza Umoja wa Mataifa na Jumamosi mmoja aliyeongoza Ghana.

Mwaka 1980 niliolewa Mbooni, Makueni. Mbooni ni vilima vyenye baridi na matuta, kumbukumbu za Wakamba zinasema ndiko tulikoanzia kutawanyika, kwa hiyo mtu wa Kitui akiolewa huko huambiwa amerudi nyumbani hata kama hajawahi kukanyaga. Nilifika na sanduku, leso na cheti cha ualimu, na jioni ya kwanza nikavuliwa jina. Hakuna ukatili katika hilo. Baba mkwe na mama mkwe hawamtaji mke wa mwana wao kwa jina lake, naye hawataji wao kwa majina yao. Ni heshima, na ina ugumu mmoja unaouona mara moja: mtoto wangu wa kwanza wa kiume lazima awe baba mkwe, nami kinywa changu hakiruhusiwi kumtaja baba mkwe. Nitamwitaje mwanangu aje kula?

Wazee walilitatua zamani. Mzee hutafutiwa jina la pembeni, la sifa au la kazi yake, na bibi harusi huitwa mama wa jina hilo kabla hata hajashika mimba. Baba mkwe wangu alikuwa amepigana Burma na jeshi la Keya katika vita vya pili vya dunia, akarudi na kovu begani na koti moja refu. Basi wakasema yeye ni Ngumbau, shujaa, nami nikawa Syongumbau. Niliitwa Syongumbau mwaka mzima kabla ya kuzaliwa huyo Ngumbau. Jambo hilo lilikuwa linanipa wasiwasi wa ajabu, kama mtu aliyeandikiwa risiti kabla ya kulipa.

Jina lenyewe la mzee lilikuwa Kioko. Naliandika hapa, kwa kuwa kuandika si kutaja, na huo ndio utetezi wangu tangu 1981. Mwaka huo mtoto alikuwa amezaliwa, mume wangu alikuwa kazini Mombasa, nikaenda peke yangu kumwandikisha katika ofisi moja ambayo siitaji. Karani akauliza jina la mtoto. Nikafungua kinywa, midomo ikagoma. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa Mkristo, nilikuwa nafundisha Kiingereza darasa la saba, na jina halikutoka. Karani, ambaye hakuwa Mkamba, akaweka kalamu chini. "Mama, hujui jina la mwanao?" Nikatafuta kipande cha karatasi kwenye mkoba, nikaandika, nikamsukumia. Akakisoma kwa jicho moja, akidhani kuna ujanja. Hapo bibi mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, na kiondo cha ndengu kichwani, akasema kwa sauti ya kuchoka, "Andika Kioko, mwanangu. Huyu ameolewa."

Nyumbani alikuwa Ngumbau. Mama mkwe alimwita "mume wangu", akamtania kwamba hajui kutafuta kuni. Shuleni nilikokuwa nafundisha walikuwepo akina Kioko wengine chungu nzima, nikawaita kwa majina ya ubatizo. Neno kioko lenyewe, asubuhi, nililitumia bila shida. Katika hilo tuna nafuu kuliko wenzetu Wazulu, ambao desturi yao ya hlonipha humtaka mke aepuke hata silabi zinazofanana na jina la baba mkwe, na wanawake wamebuni msamiati mzima wa kuzunguka. Ingekuwa ni kwetu, ningepaswa kuanza kila siku kwa neno lingine.

Sasa nirudi nyuma kabla ya makarani. Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alisimama Kitui, kwa mwenyeji wake, mfanyabiashara wa pembe Kivoi wa Mwendwa, akauona mlima wenye theluji upande wa kaskazini-magharibi. Akauliza unaitwaje, akaandika alichosikia: Kegnia. Maelezo yanayopendwa kwetu ni kwamba Wakamba walisema Kiinyaa, penye mbuni, kwa kuwa mlima ule wa mawe meusi na theluji nyeupe unafanana na manyoya ya mbuni dume. Kwa hiyo nchi nzima imebeba jina lililopitia kinywa cha Mkamba na sikio la Mjerumani. Kivoi hakuishi kuona limefika wapi. Agosti 1851 aliuawa na wanyang'anyi karibu na Tana akiwa safarini na Krapf huyohuyo.

Tazama jina lake lilivyokaa. Kivoi wa Mwendwa. Hilo "wa" dogo lilikuwa na kazi. Lilisema huyu ni nani na alitoka kwa nani, na kizazi kinachofuata lilisogea: mwana wa Kivoi angekuwa fulani wa Kivoi, na Mwendwa angezaliwa tena kama mjukuu. Majina yalikuwa yanazunguka kama akina mama kwenye chama, kila mmoja na zamu yake.

Waingereza na reli yao walileta uandishi wa aina nyingine. Masaku, mzee maarufu, akawa Machakos kwa kalamu ya Waingereza. Huku Makueni, Mutito wa Ndei, msitu wa tumbusi, ukawa Mtito Andei. Kituo kingine kikapewa jina la mgeni aliyekuja kutazama kazi za reli, Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, na hadi leo ukipita barabara ya Mombasa unanunua machungwa Sultan Hamud. Wakati huohuo wamisionari walikuwa wanafika. Wa Leipzig walikaa Ikutha, kusini mwa Kitui. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alianzia Nzaui, Makueni, karibu na jabali ambalo hadithi zetu zinasema watu wa kwanza walishushwa na Mulungu. Alikufa mwaka uliofuata, akazikwa palepale.

Ubatizo ulitaka jina jipya, na shule ilitaka ubatizo. Wazee walilipokea jina kama walivyopokea koti, na kulishona upya likae mwilini: Kikamba hakina r, na p inakuwa v, basi Petero akawa Vetelo na Maria akawa Malia. Sina ugomvi na majina hayo. Ninachosikitikia ni kwamba yalikuja yamekauka, hayakuja na hadithi zake. Baba yangu alibatizwa Isaka. Hakuna aliyemwambia kwamba Isaka kwa Kiebrania ni anacheka, na kwamba mtoto aliitwa hivyo kwa sababu mama yake alicheka aliposikia atazaa uzeeni. Jina linalohifadhi kicheko cha mama siku fulani, hilo ni la Kikamba kabisa. Baba angelipenda zaidi kama angejua.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia kikaja kipande, 1919 na 1920, karatasi ndani ya kijaluba cha chuma iliyoning'inizwa shingoni mwa kila mwanamume. Karani alitaka jina, na jina la baba, na kabila. Hakuwa na nafasi ya "wa". Lilipoondolewa, majina mawili yakabaki yamekaa bega kwa bega bila kusemeshana. Mutuku Kioko kwenye rejista yangu alikuwa Usiku Asubuhi. Wanawake tuliachwa nje ya vitambulisho hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1978, na nilipokwenda kuchukua changu, susu alishangaa kwamba serikali imejua kuwa nami nipo.

Fomu za baadaye zikaongeza swali lililotutia matatani zaidi ya yote: jina la ukoo. Kwa Kiswahili sanifu cha ofisini jina la ukoo ni lile la mwisho, linalorithiwa na watoto wote. Lakini sisi ukoo tunao, ni mbai, na kila Mkamba anaujua wake kabla ya kujua kusoma: Aombe, Atangwa, Anzauni, Aewani na wengineo. Baba aliulizwa jina la ukoo, akajibu kwa heshima zote, Mutangwa. Likaandikwa. Mdogo wake aliulizwa swali lilelile mwaka mwingine na karani mwingine, akafikiri wanataka jina la baba, akasema la babu. Mdogo wao wa mwisho akasema jina lake mwenyewe mara mbili, ili yaishe. Ndugu watatu, tumbo moja, na kwenye karatasi hawana uhusiano wowote.

Wakiwa hai halikuwa neno. Baba alipofariki mwaka 1996 na shamba likatakiwa kugawanywa, ndipo tulipoanza kupanda na kushuka ngazi. Barua ya chifu, kiapo kwa wakili, barua nyingine ya chifu kwa sababu ya kwanza iliandika Mutangua. Ofisa mmoja alinitazama mimi na baba mdogo, tunafanana pua na hata namna ya kusimama, akauliza kama tuna ushahidi kwamba ni jamaa. Baba mdogo akaanza kumhesabia mbai yetu tangu Mulango mpaka kwa mababu wa mababu. Ofisa akamwambia hilo haliandikiki. Ilichukua miaka minne.

Siku hizi watoto wamepata akili: wanachukua jina moja la babu, wanaligandisha, na vizazi vitatu vinaitwa hilohilo. Makueni tulipata seneta Mutula Kilonzo, na alipofariki Aprili 2013 mwanawe Mutula Kilonzo akachukua kiti, na tangu 2022 ndiye gavana. Ili kumtenganisha na baba, watu humwita Junior. Nawaheshimu wote wawili, ila neno hilo nalitazama kama mwalimu wa majina. Katika hesabu ya kizamani baba na mwana hawagongani, ni babu na mjukuu wanaopokezana, na kati yao kuna kizazi kimoja cha kupumzika. Hatukuwa na haja ya Junior.

Na mtoto wa tano? Mwishoni mwa miaka ya sabini, nilipoanza kufundisha, mwanamke wa Kenya kwa wastani alizaa watoto wanane. Utafiti wa afya wa 2022 umekuta ni watatu na nusu hivi. Mimi mwenyewe nilizaa wanne na nikafunga duka, na kama mwalimu niliwashauri wengine wafanye vivyo hivyo. Ushauri huo siujutii hata kidogo. Ila hesabu ni hesabu. Wanne hao wanamalizwa na mababu na nyanya. Ukame wa 2020 hadi 2022 ulikausha mito ya Kitui, Mwingi watu walizika mbuzi kwa mikokoteni, na nimepita shuleni kwa walimu vijana nikawauliza: hawana hata Wayua mmoja aliye wa ukame huo. Wayua waliopo ni wa nyanya zao. Kirusi kilichofunga shule miezi mingi nacho kimepita bila kuacha jina. Susu angeuliza tulikuwa wapi.

Mwaka 2024 Ngumbau wangu, aliyechelewa kuoa hadi nikakata tamaa, alipata binti Nairobi. Alizaliwa saa nne asubuhi, jua linawaka, na bila shaka ni Nduku. Siku ya tatu haikungojwa. Hospitali ilitaka fomu ijazwe kabla ya kuruhusiwa, kwa hiyo mtoto akawa mtu kamili kwa kalamu ya muuguzi kabla ya saa sita. Walimwandika Amara Nduku. Amara ni neema kwa Kiigbo, walilipata kwenye simu. Nilisema ni zuri, na ni zuri kweli.

Mke wake ni binti wa Kathonzweni, amesoma kuliko mimi, anafanya kazi benki. Sikutarajia lolote kwake. Lakini mwezi ule wa kwanza niliona analikwepa jina. Amara halitumii, anasema ni la fomu. Nduku hawezi, maana Nduku ni mimi. Siku moja nilipiga simu nikiwa uani, ungo mapajani, napepeta ndengu. Kijiji kizima cha Mbooni, hata wazee walionizidi umri, hawaniiti ila Mwalimu. Nikamuuliza mke wa mwanangu, anayeniita mwaitu, yaani mama, habari za huko.

"Ni nzuri, mwaitu. Mwalimu amelala."

"Sijalala," nikamwambia, "ndiyo kwanza napepeta ndengu."

Kukawa kimya. Kisha akacheka mpaka akamwamsha mtoto.